Mnara Mmoja, Watu Wengi: Nani Apewe Kwanza?

Ni saa mbili usiku, siku ya Jumamosi. Ulaya mpira unachezwa. Vijana wamekaa nje ya duka, kila mmoja na simu yake mkononi. Picha zinatembea, zinasimama, zinatembea tena. Upande wa pili wa kijiji, kwenye kitongoji cha mwisho, mama mmoja ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe anajaribu kumpigia simu muuguzi wa zahanati. Mnara ni mmoja tu, ule wa kilimani. Je, utawahudumia vijana kwanza, au utamhudumia yule baba?

Ndugu msomaji, swali hili si la kuchekesha. Minara ya simu hulijibu usiku na mchana, tena kwa haraka ambayo akili yetu haiwezi kuifuata. Sisi tunachoona ni matokeo tu. Tunasema, "Mtandao leo mzito." Au tunasema, "Bando langu wamelila." Pengine ni kweli, pengine siyo. Lakini ukijua jinsi mnara unavyogawa, utajua lipi la kulalamikia na lipi la kurekebisha mwenyewe.

KITU GANI KINAGAWIWA?

Simu ya mkononi haina waya. Sauti, barua na picha hupita hewani kwa mawimbi ya redio. Wewe mwenye redio nyumbani unajua kwamba kila kituo kina mahali pake. Ukizungusha kidogo unapata kituo kingine. Mahali hapo huitwa masafa. Vituo viwili vikitumia masafa yaleyale mahali pamoja, utasikia makelele tu.

Kampuni za simu nazo zina masafa yake. Hapa Tanzania mgawaji wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo wengi huiita TCRA. Kampuni hupewa kipande chake na kukilipia. Masafa hayatengenezwi kiwandani. Ni kama ardhi ya kijiji: watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki.

Sasa tazama mtandao wa kizazi cha nne, yaani 4G. Mitandao ya kwanza ya aina hii kwa wateja ilifunguliwa Desemba 2009, katika miji ya Stockholm na Oslo, huko Uswidi na Norwe. Mtandao huo hugawa masafa kama watu wanavyogawa shamba la kijiji katika vitalu. Kampuni ikiwa na masafa yenye upana wa megahezi 10, shamba linakuwa na vitalu 50. Vitalu hivyo 50 hugawiwa upya kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa sekunde moja vinakuwa vitalu 50,000. Ukipepesa jicho mara moja tu, mnara umekwisha kugawa shamba lote mara 100 au zaidi.

Anayegawa ni kompyuta iliyomo katika mitambo ya mnara. Tumwite mgawa zamu. Hana usingizi, hana ndugu, hapokei rushwa. Lakini anafuata kanuni alizopewa na mtu, na kanuni hizo ndizo habari yenyewe.

NDOO NA KIBUYU

Tuache mnara kidogo, twende kwenye bomba la maji la kijiji. Bomba ni moja. Wanakuja akina mama wawili. Wa kwanza ana ndoo yenye mdomo mpana. Bomba likifunguliwa lote, ndoo inapokea lita 8 kwa dakika. Wa pili ana kibuyu chenye shingo nyembamba. Ukifungua bomba lote maji yanamwagika nje. Inabidi ufungue kidogo kidogo, na kibuyu kinapokea lita 1 tu kwa dakika.

Simu iliyo karibu na mnara ni ndoo. Simu iliyo mbali, au iliyo nyuma ya kilima, ni kibuyu. Kwa nini? Fikiri unamwita mwenzako aliye ng'ambo ya bonde. Huwezi kumweleza habari upesi upesi kama mnapokaa jamvi moja. Unapaza sauti, unasema neno moja moja, unarudia. Mnara nao hufanya hivyohivyo. Kwa simu ya mbali husema pole pole na kurudia sana, ili ujumbe ufike mzima. Kwa hiyo kitalu kilekile kinabeba mzigo mdogo.

Mnara unajuaje nani ana ndoo na nani ana kibuyu? Simu yenyewe husema. Kila mara simu yako hupeleka alama kwa mnara, kutoka 0 mpaka 15, kama mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Alama 15 maana yake "nakusikia vizuri kabisa". Alama 0 maana yake "sikupati". Katika kitalu kimoja, simu yenye alama 15 inaweza kupokea mara 36 hivi ya ile yenye alama 1. Mara 36! Kwa hiyo ndoo na kibuyu chetu hapo juu ni mfano wa huruma.

Basi turudi bombani. Tuna dakika 18 kabla maji hayajakatika. Mwangalizi wa bomba agaweje?

Anaweza kusema, "Anayejaza haraka ndiye apewe." Mama wa ndoo anakaa bombani dakika zote 18. Anapata lita 144. Mama wa kibuyu hapati hata tone. Ukipiga hesabu, hii ndiyo njia inayotoa maji mengi kuliko zote. Mwenye bomba anaweza kujisifu kwamba bomba lake limetoa lita 144. Lakini yule mama mwingine anarudi nyumbani na kibuyu kikavu.

Anaweza kusema, "Wote wapate maji sawa." Hapo ndoo inasimama bombani dakika 2 na kupata lita 16. Kibuyu kinasimama dakika 16 na kupata lita 16. Haki, siyo? Lakini jumla ni lita 32 tu. Kibuyu kimoja kimekula karibu muda wote. Vikija vibuyu vitano, mwenye ndoo atalala bombani.

Au anaweza kusema, "Wote wapate muda sawa." Kila mmoja anapewa dakika 9. Ndoo inapata lita 72, kibuyu lita 9. Jumla lita 81. Mwenye kibuyu amepata kidogo, lakini amepata. Mwenye ndoo amepata nusu ya yale ambayo angepata akiwa peke yake. Na mwenye kibuyu vilevile amepata nusu ya yake.

Msomaji, simama hapa kidogo ujiulize. Wewe ungechagua ipi? Katika darasa la kisomo swali hili linaweza kuzua ubishi wa jioni nzima, tena ubishi mzuri. Wataalamu nao walibishana. Mwaka 1997 mtaalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, jina lake Frank Kelly, aliandika juu ya haki ya namna hii katika mitandao. Kanuni yake, kwa maneno yetu, ni hii: usimwongezee mmoja ikiwa nyongeza yake, ukiihesabu kwa asilimia, ni ndogo kuliko hasara ya wenzake, nayo ukiihesabu kwa asilimia. Ukiipima kwa ndoo na kibuyu, kanuni hiyo inatoa jibu la tatu, lile la dakika 9 kwa 9.

KIBUYU KINACHOPANUKA

Lakini kuna jambo moja ambalo bomba halina na simu inalo. Mdomo wa kibuyu cha simu hupanuka na kubana. Unatembea hatua tatu, mawimbi yanaongezeka. Lori linapita, yanapungua. Unageuka, mwili wako unayaziba. Hata ukikaa kimya mabadiliko yapo, maana mawimbi hugonga miti, kuta na mabati na kurudi, yakakutana njiani, mara yakasaidiana, mara yakauana.

Karibu na mwaka 2000, mtaalamu David Tse wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wataalamu wa kampuni ya Qualcomm ya Marekani, walilitumia jambo hili. Walikuwa wanatengeneza mtandao wa data uliogawa zamu mara 600 kwa sekunde. Wakauambia mgawa zamu hivi: usiangalie nani ana mdomo mpana kuliko wenzake. Angalia nani sasa hivi ana mdomo mpana kuliko kawaida yake mwenyewe.

Tufanye hesabu. Mama wa ndoo kwa kawaida hupata lita 8, na sasa hivi anaweza kupata lita 8. Gawa 8 kwa 8, unapata 1. Mama wa kibuyu kwa kawaida hupata lita 1, lakini sasa hivi mdomo umepanuka, anaweza kupata lita 2. Gawa 2 kwa 1, unapata 2. Mbili ni kubwa kuliko moja. Zamu ni ya kibuyu! Dakika ijayo mdomo wa kibuyu utabana tena, na zamu itarudi kwa ndoo.

Na hapa pana ujanja mzuri zaidi. Hiyo "kawaida yake" ni yale aliyopata siku za karibuni, au kwa mnara, sekunde za karibuni. Mtu asipopewa zamu kwa muda, kawaida yake inashuka. Ikishuka, ile hesabu ya kugawa inatoa namba kubwa. Kwa hiyo aliyesahauliwa hupanda mwenyewe mpaka mbele ya foleni. Njaa yake ndiyo inayompandisha. Mimi katika mambo ya kompyuta niliyoyasoma, hili nimelipenda. Ofisi nyingi za watu hazina kanuni nzuri kama hii.

Ila usidhani kila mnara unaifuata kama ilivyoandikwa. Sheria za kimataifa za 4G zinaeleza vitalu, alama na lugha ya mnara na simu. Hazilazimishi kanuni ya kugawa zamu. Kila kiwanda cha mitambo kina kanuni yake, na huificha kama mganga anavyoficha dawa. Kampuni ya simu nayo inaweza kuiegemeza huku au kule. Wanakijiji hamwezi kuiona. Mnachoweza kuona ni kama watu wa kitongoji cha mbali wanapata chochote jioni, au hawapati.

MGONJWA NA MFYATUA MATOFALI

Mpaka hapa tumesema kana kwamba watu wote wanataka maji kwa kazi moja. Sivyo. Bombani anakuja mfyatua matofali. Anataka mapipa 10, lakini hata akiyapata kesho asubuhi hapati hasara kubwa. Anakuja pia mtu mwenye mgonjwa wa homa. Yeye anataka kikombe kimoja tu, lakini anakitaka sasa.

Kupiga simu ya sauti ni ule mkasa wa kikombe. Simu ya kisasa hukata sauti yako vipande vidogo, vipande 50 kwa sekunde. Data yake ni kidogo, kilobiti 12 au 13 hivi kwa sekunde, bila kuhesabu ganda la nje. Video ya wastani hula megabiti 1, yaani kilobiti 1,000 kwa sekunde. Kwa data ya mtazama mpira mmoja wangeweza kuzungumza watu 50, na ziada ikabaki. Lakini vipande vya sauti havingoji. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kufika kwa msikilizaji, na milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde. Ikichelewa zaidi ya 400 mazungumzo yanaharibika. Wewe unasema "haloo", mwenzako naye anasema "haloo", mnagongana, mnanyamaza wote, mnaanza tena pamoja.

Video ya kutazama haina shida hiyo. Simu hujiwekea akiba. Kabla hujaona picha, simu imekwisha kuvuta sekunde kadhaa za mbele na kuziweka ghalani. Mvua ikikosekana siku mbili unakula ya ghalani. Picha husimama pale tu ghala linapokwisha. Kwa hiyo mgawa zamu anaweza kumcheleweshea kijana wa mpira vitalu kadhaa na kijana asijue kabisa. Mpira wa moja kwa moja una akiba ndogo, ndiyo maana husimama zaidi kuliko filamu.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mtu akikwambia kwa simu "lete mahindi", kipande kimoja cha sauti kikipotea bado utaelewa. Lakini ukituma shilingi 10,000 na sifuri moja ikapotea, huo ni ugomvi. Kwa hiyo katika kanuni za 4G mazungumzo ya sauti yanaruhusiwa kupoteza kipande kimoja katika 100, lakini hayaruhusiwi kuchelewa hewani zaidi ya milisekunde 100. Data ya kawaida ni kinyume chake. Inaweza kuchelewa mpaka milisekunde 300, lakini isipoteze zaidi ya kipande kimoja katika milioni. Kinachopotea kinatumwa tena.

Kanuni za kwanza za 4G ziliweka madaraja 9 ya namna hii. Cha ajabu, aliye mbele ya wote si sauti wala video. Ni maagizo ya mtandao wenyewe, yale ya "fulani anapigiwa, mwiteni". Bila hayo hakuna simu inayoita. Nyuma yake ndiyo mazungumzo ya sauti. Kuvinjari intaneti, kupakua vitu na kutazama video za kawaida huwekwa mara nyingi katika daraja la mwisho kabisa. Mpangilio huu ndio huitwa ubora wa huduma. Hauna maana kwamba kila mtu apate vingi. Maana yake kila kazi ipate kile inachokihitaji ili isiharibike.

Haya, yule baba je? Ikiwa simu yake na mnara vinaweza kupitisha sauti kwa 4G, vipande vyake vidogo vitatangulia mbele ya vijana wote wa dukani. Na wala vijana hawataona tofauti, maana kikombe kimoja hakipunguzi pipa.

SIMU YA KITOCHI INA NJIA YAKE

Lakini vijijini wengi wetu bado tunatumia simu ndogo, zile za kitochi. Hata simu za kugusa mara nyingi hurudi kwenye mtandao wa zamani, 2G au 3G, unapopiga sauti. Mtandao wa 2G haugawi kwa vitalu vya haraka. Hugawa kwa viti. Kila kipande cha masafa kina viti 8. Kiti kimoja angalau hutumika kwa uongozi, yaani kuita simu na kupeleka ujumbe. Vinabaki viti 7 kwa wazungumzaji. Ukipata kiti ni chako mpaka ukate simu. Hakuna video itakayokunyang'anya. Mnara huweza kukalisha watu wawili katika kiti kimoja, wapokezane haraka, lakini sauti inafifia.

Ujumbe mfupi, na yale maandishi ya kutuma pesa unayoyapata ukibonyeza nyota na reli, hupita kwenye njia ya uongozi. Havihitaji bando. Ndiyo sababu mwenye kitochi anaweza kutuma pesa wakati mwenye simu kubwa analalamika intaneti imegoma. Pesa kwa simu zilipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kitochi kilitosha kabisa.

Viti vikijaa, anayekuja anakataliwa. Anasikia mlio wa haraka haraka, au sauti ya dada anayesema mtandao una shughuli nyingi. Watu hukasirika. Lakini fikiri dereva wa basi akiendelea kupakia mpaka basi likashindwa kupanda kilima: hakuna atakayefika. Afadhali mmoja aambiwe "subiri" kuliko wote waliomo wasisikilizane. Mdenmaki mmoja, A. K. Erlang, aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, ndiye aliyeweka msingi wa hesabu hizi. Maandishi yake ya kwanza yalitoka mwaka 1909, na mpaka leo mafundi hupima wingi wa mazungumzo kwa kipimo kinachoitwa kwa jina lake. Kwa hesabu yake fundi hujua ni viti vingapi viwekwe ili katika watu 100 wanaopiga saa ya msongamano, wasikataliwe zaidi ya wawili, tuseme.

Namba 112 ina njia ya pekee. Simu yako huitambua na kuutangazia mnara kwamba hii ni dharura, hata kabla ya kupata kiti. Na kwa mama mjamzito anayehitaji usafiri, hapa Tanzania kuna namba 115 ya mpango wa m-mama, ambayo haina malipo. Iandike ukutani kwa mkaa kama huna karatasi.

KUGAWA HAKUONGEZI MAJI

Hapa lazima tuseme kweli. Mgawa zamu hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuumba. Tuseme upande mmoja wa mnara wenu unatoa megabiti 15 kwa sekunde. Vijana 15 wakitazama video za megabiti 1, wote wanaona. Wakifika 100, kila mmoja anapata kilobiti 150, na hakuna anayeona mpira. Hapo dawa si kugawa vizuri zaidi. Dawa ni masafa mengine, mitambo mipya, au mnara wa pili.

Na mara nyingine mnara hauna kosa. Mnara nao unachota mahali. Nyuma yake kuna waya wa kioo, au sahani la mawimbi linalotazamana na mnara mwingine, mpaka mjini, na kutoka mjini mpaka baharini. Waya wa Seacom ulifunguliwa Julai 2009 na kufika Dar es Salaam na Mombasa. Kabla yake tulitegemea satelaiti. Tarehe 12 Mei 2024 waya wa Seacom na ule wa EASSy zilikatika baharini, na intaneti ikawa nzito katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku hiyo hata ungekaa chini ya mnara usingepata kitu cha maana. Simu ya sauti ya hapa nchini ilikuwa haihitaji kwenda baharini.

Tena, watu wanachanganya bando na kasi. Bando ni jumla ya maji unayoruhusiwa kuchota. Si upana wa bomba. Ukinunua bando kubwa saa mbili usiku umenunua mapipa, lakini foleni ni ileile. Na tangazo likisema "kasi ya hadi" kadhaa, soma lile neno "hadi". Ni kasi ya ndoo iliyo peke yake bombani usiku wa manane. Kwa maoni yangu tangazo la namna hiyo lingetakiwa liseme pia kasi ya jioni, kwa mtu wa kitongoji cha mwisho.

UNALOWEZA KUFANYA

Toka nje. Mabati huzuia mawimbi, na ukuta mnene vilevile. Panda kichuguu au nenda penye mwinuko. Hapo utakuwa umegeuza kibuyu chako kuwa ndoo. Na jambo ambalo wengi hawalijui: hukujisaidia wewe tu. Mzigo wako sasa utachukua vitalu vichache, na vinavyobaki wanapewa wenzako. Mtu mmoja anayevuta filamu chini ya mabati kwenye kitongoji cha mbali hula vitalu vingi kuliko vijana kadhaa wa dukani.

Kama una kitu kikubwa cha kupakua, kipakue alfajiri au usiku sana. Simu janja nyingi huweza kupunguza ukubwa wa video. Punguza. Kwenye kioo kidogo hutaona tofauti kubwa. Zima vile vinavyojivutia vyenyewe kwa siri, maana navyo vimepanga foleni kwa jina lako. Mtandao ukiwa mzito andika ujumbe, au rekodi sauti uitume. Itafika hata ikichelewa. Simu ya video ndiyo ngumu kuliko zote: inataka mapipa kama mfyatua matofali, tena inayataka sasa kama mgonjwa.

Na mkiona kwamba hali ni mbaya kila siku, msilalamike barazani tu. Andikeni. Tarehe, saa, mahali, na kilichoshindikana: sauti, ujumbe, pesa au intaneti. Fanyeni hivyo wiki mbili, watu kadhaa. Pelekeni kwanza kwa kampuni yenyewe na mdai namba ya lalamiko. Wasipojibu, pelekeni TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Barua inayosema "mtandao mbovu" haimsaidii fundi. Barua inayosema "kila siku saa moja mpaka saa nne usiku, sauti inapita lakini intaneti haipiti" inamwonyesha pa kuanzia. Andikeni na jina la kitongoji, kwa maana mnara kwa kawaida una pande tatu, kila upande na antena zake na mgao wake, na huenda upande uliojaa ni wenu peke yenu.